Anga la Kariakoo: Historia ya Masharti ya Kisheria ya Kurusha Ndege Nyuki kwa Biashara Jijini Dar es Salaam, 1914–2024

Utangulizi

Mwaka 2018 Tanzania ilitunga Kanuni za Usafiri wa Anga zinazohusu mifumo ya ndege zinazoongozwa kutoka mbali. Kwa kanuni hizo, chombo ambacho mpiga picha wa harusi hukibeba begani ndani ya mkoba kiliwekwa chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambayo ndiyo inayosimamia ndege za abiria. Mwenye chombo anatakiwa kukisajili na kupata idhini ya kukirusha. Kukiingiza nchini nako kunahitaji kibali, na Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa ina sauti katika jambo hilo. Anayekirusha kwa ajili ya biashara hutazamwa tofauti na anayekirusha kwa kujifurahisha, naye hudaiwa uthibitisho zaidi wa sifa na taratibu zake za kazi.

Makala haya yanauliza masharti hayo yalitoka wapi. Jibu linalotolewa kwa kawaida, yaani kwamba teknolojia mpya ilizuka na sheria ikaikimbilia kwa nyuma, lina ukweli kwa sehemu ndogo tu. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kanuni za 2018 zimerithi mikondo miwili mikongwe ya sheria. Wa kwanza ni ule wa usalama wa ndege, uliotokana na mikataba ya kimataifa na kupita katika taasisi za pamoja za Afrika Mashariki. Wa pili ni ule wa ulinzi wa mahali, unaotazama kila kamera iliyoko juu kama jicho la mgeni. Mkondo wa tatu, unaohusu haki ya mtu aliye chini, mwenye paa, ua na fremu ya duka, haukuwa na mlezi kwa muda mrefu. Kariakoo na mitaa ya katikati ya jiji la Dar es Salaam imechaguliwa kuwa uwanja wa uchunguzi kwa sababu hapo mikondo yote mitatu inakutana juu ya mitaa michache tu.

Neno moja kuhusu istilahi. Magazeti ya Tanzania hutumia “ndege nyuki”, “droni” na “ndege zisizo na rubani” kwa maana inayokaribiana. “Ndege nyuki” ni tafsiri ya jina la Kiingereza, ambalo asili yake ni nyuki dume. Jina hilo limekubalika haraka, bila shaka kwa sababu ya mlio wa chombo chenyewe. Kanuni, kwa upande wake, hukataa wazo la kukosekana kwa rubani. Kwa mtazamo wa kisheria rubani yupo, ila amesimama ardhini. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa ndiyo inayomfanya kijana mwenye kidude cha kuongozea mkononi awe na wajibu unaofanana na wa rubani wa ndege inayotua Kipawa.

Jicho la juu kabla ya sheria

Ndege ya kwanza iliyohusishwa na Dar es Salaam haikuja kwa vita. Mwaka 1914 rubani Mjerumani Bruno Büchner aliileta ndege yake katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, wakati utawala ukijiandaa kwa maonyesho makubwa yaliyokuwa yafanyike Dar es Salaam mwezi Agosti. Vita vilipoanza mwezi huohuo, ndege iliyokusudiwa kuwastaajabisha watazamaji ilichukuliwa kwa kazi za kijeshi. Mwaka uliofuata, mwezi Julai 1915, ndege za Waingereza zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia zilielekeza mizinga ya manowari zao dhidi ya meli ya Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Kwa hiyo, katika pwani hii, kazi ya kwanza ya maana ya kutazama kutoka angani ilikuwa kumtafuta adui na kurekebisha shabaha. Sheria zilizofuata hazikuisahau asili hiyo.

Mkataba wa Paris wa 1919 ulitangaza kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya nchi yake, na uliiruhusu kila dola kudhibiti matumizi ya vyombo vya kupigia picha ndani ya ndege. Mambo hayo mawili yalirudiwa katika Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944. Ibara ya 36 inahusu kamera. Ibara ya 8 inakataza chombo kinachoweza kuruka bila rubani kupita juu ya nchi bila idhini maalumu ya dola husika, na kuzitaka nchi zihakikishe kwamba safari za vyombo hivyo hazihatarishi ndege za kiraia. Mtafiti anayezitazama droni kama jambo la karne ya 21 hana budi kuanza na ibara hizo mbili. Tanganyika ilijiunga na mkataba huo mwaka 1962, miezi michache baada ya uhuru, na kwa kujiunga ilipokea pia msamiati wote wa kumdhibiti rubani asiyekuwamo ndani ya ndege yake.

Wakati wa utawala wa Waingereza, picha za angani zilikuwa kazi ya serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Jeshi la Anga la Uingereza lilipiga picha za maeneo mapana ya Afrika Mashariki kwa ajili ya idara ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa London mwaka 1946, na ramani nyingi zilizotumika baada ya uhuru zilitokana na kazi hiyo. Mwananchi aliyekuwa ndani ya picha hizo hakuulizwa. Wala hakukuwa na sheria iliyodai aulizwe.

Mkondo wa usalama wa ndege

Historia ya kitaasisi ya mkondo huu inaweza kuelezwa kwa ufupi. Usafiri wa anga ulikuwa miongoni mwa huduma za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, kwanza chini ya Tume Kuu ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1948, baadaye chini ya shirika la huduma za pamoja la mwaka 1961, na hatimaye chini ya Jumuiya ya mwaka 1967. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ililazimika kuwa na chombo chake, na Tanzania ikatunga sheria yake ya usafiri wa anga mwaka huohuo. Mamlaka ya sasa ilianza kazi yake ya udhibiti mwaka 2003. Mwaka 2007 Jumuiya iliyofufuliwa ilianzisha wakala wa usimamizi wa usalama wa anga, wenye makao yake Entebbe, ili kanuni za nchi wanachama zifanane. Kilichotenganishwa mwaka 1977 kilianza kuunganishwa tena kwa njia ya kanuni za mfano.

Hata hivyo, kwa upande wa droni nchi hizo hazikwenda sambamba. Rwanda ilikuwa na kanuni zake mwaka 2016, na mwezi Oktoba mwaka huo kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani. Kenya ilizuia matumizi ya droni tangu 2015. Kanuni zake za mwaka 2017 zilibatilishwa na Bunge mwaka 2018, na nyingine zikatoka mwaka 2020. Tanzania ilisimama katikati. Mwezi Agosti 2017 ilitangazwa kwamba Bohari ya Dawa ingeshirikiana na Zipline kupeleka dawa kuanzia Dodoma mwaka uliofuata, lakini mpango huo haukuanza kama ulivyotangazwa. Mwaka 2018 majaribio yalihamia Ziwa Victoria, ambako droni ya DHL na Wingcopter ilibeba dawa kwenda kisiwa cha Ukerewe kwa safari ya kilomita 60 katika dakika 40. Ziwani hakuna waya za umeme wala maghorofa. Si ajabu kwamba majaribio ya biashara yalikwenda huko na si Kariakoo.

Inafaa kukaa kidogo juu ya jiometria ya anga la Kariakoo, maana mjadala wa kisheria mara nyingi huipuuza. Soko liko umbali wa takribani kilomita 10, kwa mstari ulionyooka, kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Njia ya kurukia ya uwanja huo imeelekea kusini-magharibi na kaskazini-mashariki, kiasi kwamba ndege inayotua kutoka upande wa bahari hupita juu ya maeneo ya katikati ya jiji, Jangwani na Ilala. Kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3, ndege hiyo ikiwa karibu na Kariakoo huwa kiasi cha mita 400 hadi 500 juu ya ardhi. Kikomo cha kimo kinachotumika katika nchi nyingi, kikiwemo kile cha kanuni za Kenya za 2020, ni futi 400, yaani karibu mita 122. Kwa hesabu hiyo, droni inayotii kikomo ina nafasi ya kutosha chini ya ndege ya abiria. Hatari iko kwa asiyetii.

Ugumu uko upande wa pili wa kipimo. Kanuni hizohizo za Kenya zinakataza droni kukaribia watu, magari na majengo yasiyo chini ya udhibiti wa mrushaji kwa umbali unaopungua mita 50. Tuuchukue umbali huo kama kielelezo na kuupeleka Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi. Mtaa wenyewe haufikii upana huo. Kulia na kushoto ni maghorofa, katikati ni wamachinga, mikokoteni na wanunuzi. Hakuna mahali ambapo chombo kinaweza kunyanyuliwa kwa uhalali bila idhini maalumu, isipokuwa juu ya paa la jengo ambalo mmiliki wake amekubali, nako kuta za jirani ziko hatua chache tu. Kanuni iliyotungwa ikiwa na taswira ya uwanja wa wazi, inapofika Kariakoo, hugeuka kuwa katazo kamili, ingawa mtungaji hakukusudia hivyo. Wanaoitii hawarushi, na wanaorusha hawako ndani ya kanuni. Hali hiyo humfanya mwenye kibali na asiye nacho wafanane machoni pa askari wa doria.

Mkondo wa ulinzi wa mahali

Baada ya uhuru Dar es Salaam ilikuwa mji wa aina ya pekee. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa tangu 1963. FRELIMO ilikuwa na ofisi Mtaa wa Nkrumah, umbali mfupi kutoka Kariakoo, na tarehe 3 Februari 1969 kiongozi wake, Eduardo Mondlane, aliuawa mjini humu kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Katika kipindi hicho hicho zilitungwa Sheria ya Mahali na Maeneo Yanayolindwa ya 1969 na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970. Makala haya hayadai kwamba tukio moja lilizaa sheria hizo. Yanadai kwamba zilitungwa katika mji ambao hofu yake ilikuwa na msingi, na kwamba zilijenga mazoea ya kiutawala yaliyodumu kuliko hofu yenyewe: kuchora au kupiga picha karibu na ikulu, bandari, kambi au daraja ni jambo la kuombewa ruhusa. Wakazi wa Dar es Salaam wenye umri wa kutosha wanalijua vema katazo la kupiga picha bila hata kusoma kibao.

Mtu akiusoma utaratibu wa 2018 kwa mwanga huo, nafasi ya Wizara ya Ulinzi haishangazi tena. Haikuongezwa kwa sababu droni ni chombo cha kijeshi tu. Iliwekwa kwa sababu kupiga picha kutoka juu kulikuwa tayari ni suala la ulinzi kabla ya droni kuwapo. Kasoro ya utaratibu huo, kwa maoni ya mwandishi, haiko katika kuuliza ridhaa ya jeshi. Katikati ya jiji kuna maeneo ambayo nchi yoyote ingeyalinda. Kasoro iko katika kumpitisha mlango uleule mtu anayetaka kupiga picha ya paa linalovuja na mtu anayetaka kupiga picha ya bandari.

Upande wa Zanzibar unaonyesha ugumu wa namna nyingine. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuchora ramani za Unguja na Pemba kwa droni, ukishirikisha Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, na vijana wa chuo hicho wakawa marubani. Kwa Katiba ya 1977 usafiri wa anga ni jambo la Muungano, ilhali ardhi si jambo la Muungano. Kwa hiyo ardhi iliyopigwa picha ilikuwa ya mamlaka moja na anga lililotumika kuipiga picha lilikuwa la mamlaka nyingine. Mradi ulifanikiwa. Wanasheria wa katiba wangefaa kuutazama kwa undani zaidi ya hapa.

Mwenye paa

Kariakoo ilipimwa kabla haijaitwa Kariakoo. Wajerumani walikwisha kuweka mpango wa mji wa Waafrika upande wa magharibi, na jina lenyewe lilitokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wanahistoria Andrew Burton na James R. Brennan wameeleza jinsi utawala wa Waingereza ulivyoligawa jiji katika kanda, Kariakoo ikiwa Kanda ya Tatu na Mnazi Mmoja ukiwa uwanja wa kuitenga. Mitaa iliyonyooka ya Kariakoo, inayopendeza sana katika picha za droni leo, ilichorwa na watu waliotaka mji utazamike na utawalike.

Nyumba za Kiswahili za Kanda ya Tatu zilikuwa na ua wa nyuma. Ua huo ulikuwa mahali pa kupikia, kuoga na kupumzika kwa wanawake, na ukuta wake ulitosha kuhifadhi staha kwa sababu hakuna aliyetazama kutoka juu. Maghorofa yaliyoongezeka kwa kasi baada ya biashara kulegezwa masharti katika miaka ya 1980 yaliuvunja ulinzi huo kabla droni haijafika. Dirisha la ghorofa ya tano ni jicho la kudumu. Droni iliongeza tu mwendo.

Sheria ya Ardhi ya 1999, katika kufafanua neno ardhi, inataja uso wa dunia, yaliyo chini ya uso huo isipokuwa madini, mimea inayoota na majengo yaliyoshikamana na ardhi. Haitaji hewa iliyo juu. Katika sheria ya Kiingereza, ambayo mahakama zetu zimeirithi kwa sehemu, suala hilo lilijadiliwa katika kesi ya Bernstein dhidi ya Skyviews ya mwaka 1977, ambapo mwenye nyumba alishtaki kampuni iliyopiga picha ya makazi yake kutoka angani ili imuuzie. Mahakama ilimnyima ushindi. Haki ya mwenye ardhi, ilielezwa, inafika hadi kimo kinachohitajika kwa matumizi ya kawaida ya ardhi na majengo yake, si zaidi. Hapa Tanzania, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 ilimwezesha mtu kumiliki sehemu ya ghorofa peke yake, yaani kipande cha anga kilichozungushiwa kuta. Hivyo mtu wa Mtaa wa Sikukuu anaweza kuwa na hati ya chumba kilichoko mita 25 juu ya barabara, lakini sheria ya ardhi haimwambii lolote kuhusu chombo kinachosimama nje ya dirisha lake kwa kimo hichohicho.

Kujitokeza kwa mkondo wa tatu kulitokana kwanza na kazi za ramani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na wengi wa waliokoseshwa makazi katika bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, uliowatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wenyewe kuchora kata zenye hatari ya mafuriko, na droni zikatumika kupiga picha za msingi. Kanuni za 2018 hazikuwapo bado, na idhini ilikuwa jambo la mradi kwa mradi. Ramani hizo ziliwekwa wazi kwa kila mtu, na kwa mara ya kwanza mkazi aliyekuwa ndani ya picha aliweza kuitumia yeye mwenyewe, kuonyesha mfereji ulioziba au njia ambayo gari la zimamoto haliwezi kupita.

Manufaa hayo yana upande wa pili. Picha inayomwonyesha mhandisi mfereji ndiyo inayomwonyesha mtoza kodi ghorofa lililoongezwa bila kibali na mwekezaji kiwanja chenye nyumba dhaifu. Katika jiji ambalo watu wa mabondeni wamehamishwa zaidi ya mara moja, swali la nani anashika picha si la kinadharia. Katiba, katika ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha yake na ya makazi yake. Haki hiyo ilikosa chombo mahususi cha kuisimamia hadi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa rasmi mwezi Aprili 2024. Tangu hapo mpiga picha wa kibiashara anayechukua nyuso za watu sokoni ana wajibu kwa taasisi mbili zisizo na historia ya pamoja: moja inamuuliza alipaa mita ngapi, nyingine inamuuliza alichukua nini na atakihifadhi wapi.

Matukio mawili ya Kariakoo yanaonyesha kwa nini maswali yote mawili ni ya lazima. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliungua. Jengo hilo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina paa la miavuli ya zege iliyopinduliwa ili kukusanya maji ya mvua, umbo ambalo mtu aliyesimama Mtaa wa Mkunguni huliona kwa sehemu tu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka mchana kweupe na kuua zaidi ya watu 20, miaka 11 baada ya ghorofa jingine kuporomoka katikati ya jiji mwezi Machi 2013 na kuua zaidi ya 30. Katika ajali za namna hiyo, jicho la juu lina kazi mbili zinazopingana. Waokoaji na wakaguzi wanahitaji kuona kifusi na majengo jirani mara moja, bila kungoja barua za wizara. Na waliofukiwa, pamoja na ndugu zao wanaolia kando ya utepe, wanahitaji kutogeuzwa tamasha la mtandaoni. Kibali cha kurusha, kwa jinsi kilivyosanifiwa, hakizitenganishi kazi hizo mbili, kwa kuwa kinapima chombo, mrushaji na mahali, wala hakipimi picha inakwenda kwa nani.

Jambo la mwisho linahusu lugha. Kanuni za 2018 ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki, na tafsiri za sheria kuu zimekuwa zikifanywa tangu wakati huo. Vyombo vyenyewe huuzwa katika maduka ya vifaa vya elektroniki, pamoja na simu na kamera, kwa Kiswahili, na muuzaji humweleza mnunuzi kwa ufasaha muda wa betri, ukubwa wa picha na umbali wa mawimbi. Kuhusu usajili na idhini, maelezo yake huwa mafupi zaidi.